Kansa ya koo kule Bomet: mshukiwa si mmoja

Ugali ndio huwa wa kwanza kukataa. Mtu anamega tonge kama kawaida, anameza, alafu anasikia limesimama hapo katikati ya kifua, anapiga maji kidogo linashuka, basi anasahau. Baada ya muda ni nyama, alafu chapati, alafu hata wali, na kwa vile hakuna maumivu makubwa anajiambia hizo ni asidi tu za tumbo, ananunua vidonge dukani na maisha yanaendelea. Siku hata uji unarudi, anatema mate kwenye kikopo usiku mzima, hapo ndio watoto wanampakia kwenye matatu mpaka hospitali, na daktari akipitisha kamera anakuta njia imebaki kitundu tu. Umio, ambao ndio watu wanauita koo kwenye kansa hii, ni bomba la chakula linalotanuka, na hiyo ndio balaa yake, manake linavumilia uvimbe kimya kimya mpaka nafasi yote iko karibu kuisha ndio lianze kulalamika.

Mzee wangu wa leo si mtu mmoja, niseme mapema mtu asije akaanza kuniuliza ni wa boma gani. Nimemshona kutoka kwa maisha ya kawaida kabisa ya upande wa Bomet na Kericho, magharibi mwa Kenya, na karibu kila kitu nitakachomvalisha kimeshapimwa na watafiti, iwe ni Eldoret, iwe ni hospitali ya Tenwek hapo Bomet, iwe ni mji wa Moshi kule Tanzania, ng'ambo ya mpaka. Ana miaka 58. Ana mahindi, ana majani chai kidogo, ana ng'ombe wanne na jiko la kuni nyuma ya nyumba. Hakuwa mlevi wa kutambaa. Alikuwa mtu wa kawaida tu, na hilo ndilo linaumiza watu kichwa.

Kwenye matatu ya kurudi nyumbani kesi inasikizwa hapo hapo. Mke anasema ni chang'aa za ujanani. Kijana mkubwa amesikia mahali kwamba ni mursik, yale maziwa ya kuchacha ya kibuyu. Binti anasema ni dawa za kunyunyizia mimea, jirani anasema ni mahindi ya siku hizi, na shemeji yuko pale nyuma ananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Kila mmoja ana mshukiwa wake na kila mmoja anataka huyo wake afungwe peke yake. Mimi nikisoma yale yaliyoandikwa kuhusu huu ugonjwa naona karibu wote wana kipande cha ukweli (shemeji tumwache kando), na kosa lao ni lile neno "peke yake".

Hii si hadithi mpya. Mwaka 1969 Ahmed na Cook walichapisha hesabu za kansa ya umio magharibi mwa Kenya wakionyesha kuna sehemu ugonjwa umejaa na sehemu nyingine za karibu haupo hivyo, na 1971 huyo Cook akaangalia Afrika nzima akasema mbona kama unafuata pombe za mahindi. Yaani zaidi ya miaka hamsini tunawinda mshukiwa mmoja. Ukichora ramani unapata mkanda unaoshuka kutoka Ethiopia, unapita Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi mpaka Eastern Cape kule Afrika Kusini, wakati Afrika Magharibi ugonjwa huo ni nadra. Kenya peke yake inakadiriwa kupata maelfu ya wagonjwa wapya kwa mwaka, na wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa kama huyu mzee.

Sasa tumfuate siku yake, tuanze na chai.

Chai ya kule si ile ya kuchovya kijikaratasi kwenye maji. Maziwa, maji, majani na sukari vinaingia sufuria moja, vinachemka mpaka vinataka kumwagika, vinashushwa, vinachemshwa tena, alafu moja kwa moja kwenye thamosi. Na thamosi jamani ni chombo cha kuangaliwa upya, kwa sababu kazi yake ni kuhakikisha chai ya saa moja asubuhi bado inachoma saa nne. Chai iliyopoa ni matusi. Mgeni ukimpa chai ya vuguvugu ataenda kusema kwa watu. Kilimanjaro watafiti waliwahi kufuata wanywaji chai na kipimajoto, matokeo yakatoka 2015, na wastani wa joto watu walipoanza kunywa ulikuwa kama nyuzi 70. Na kitu kilichonishangaza, wenye chai ya maziwa walikuwa wanaimeza ikiwa moto kuliko wenye chai ya rangi, sababu kubwa ikiwa chai ya rangi inapoa haraka na ya maziwa inashikilia joto. Kwa hiyo strungi ya maskini ina nafuu kidogo, nani angejua.

Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lile la Lyon Ufaransa, liliweka vinywaji vya moto sana, juu ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda kabisa vinasababisha kansa kwa binadamu. Sikiza vizuri hapo. Si chai, si kahawa, si majani ya aina yoyote, ni moto wenyewe. Alafu utafiti wa Eldoret uliotoka 2019, ukilinganisha wagonjwa 430 na watu 440 wasio na ugonjwa huo, ukaona wanaosema wanakunywa chai ya moto sana walikuwa na hatari zaidi ya mara 3 ukiwalinganisha na wanaokunywa ya vuguvugu.

Lakini moto si sumu. Haubaki mwilini, haujishiki kwenye chembe za urithi, ukishapita umepita. Unachofanya ni kuchubua. Utando wa umio unababuka, mwili unakimbia kuziba, seli zinagawanyika haraka haraka ili kujaza pengo, kesho asubuhi unababuka tena, kesho kutwa tena, miaka arobaini. Wanyama wa maabara waliopewa maji ya moto ya nyuzi 65 na kuendelea pamoja na kemikali inayoleta kansa walipata uvimbe mwingi kuliko waliopewa kemikali bila maji ya moto. Kwa hiyo chai ya huyu mzee ni kama mtu aliyeacha mlango wazi kila siku, hajaiba kitu. Swali ni nani aliyepita hapo mlangoni.

Wa kwanza ni moshi. Jiko la mafiga ndani ya chumba chenye kidirisha kidogo, kuni mbichi wakati wa mvua, kuta na paa nyeusi zinazong'aa kama zimepakwa lami. Hiyo lami ndio yenyewe. Kuni zisipoungua vizuri zinatoa kundi la kemikali ambazo moja yao, benzopairini, iko kwenye orodha ya juu kabisa ya visababishi vya kansa, sawa na zinazotoka kwa sigara. Watu wanafikiri moshi unaenda kwenye mapafu tu, lakini ule unaonaswa kooni unamezwa na mate, na mwingine unatua kwenye chakula na kwenye mahindi yaliyotundikwa juu ya jiko. Watafiti wa Tenwek walipoangalia nyumba zinazopika kwa kuni kule kusini magharibi mwa Kenya waliukuta huo uchafu na waliuhusisha na kansa ya umio. Na moshi huo huo, kabla hata haujafika kwenye kansa, unampa mke wake kifua cha kukohoa miaka yote, unampa macho mekundu, unachangia magonjwa ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa hiyo tukisema boma hili lina mgonjwa mmoja tunajidanganya, lina mgonjwa mmoja aliyepimwa.

Wa pili ni pombe, na hapa mke hakukosea. Utafiti mwingine wa Eldoret wa 2019, wagonjwa 422 na wenzao 414, ulionyesha wazi kwamba unywaji wa chang'aa na busaa, na hizi za chupa pia, unapandisha hatari na unavyozidi kunywa ndivyo inavyopanda. Pombe mwilini inageuka kitu kinaitwa asetaldihaidi, na hicho ndicho kinachoharibu chembe za urithi. Ila kuna kitu watu hawajui, hiyo kazi ya kugeuza haianzii kwenye ini, inaanzia mdomoni, bakteria wa kinywani wanaifanya hapo hapo, na mdomo wenye meno mabovu na ufizi unaovuja una bakteria wengi wa kazi hiyo. Mzee wangu amepoteza meno sita. Tafiti za kule zinarudia kila mara kwamba kukosa meno na kutotunza kinywa kunaandamana na ugonjwa huu. Sasa niambie, hapo utashtaki chang'aa au utashtaki meno? Kila kimoja kinampa mwenzake kazi.

Na hayo meno yenyewe aliyobaki nayo yana madoa ya kahawia tangu utotoni. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, maji ya visima na chemchemi nyingi yamebeba floraidi kupita kiasi cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, wenyeji wa Nakuru na wa Arusha wanaujua huu mchezo. Timu ile ile ya Eldoret ilipochungulia midomo ya wagonjwa wake ikakuta wenye madoa makubwa ya floraidi walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mimi sisemi floraidi inaleta kansa ya koo, inawezekana kabisa madoa ni stempu tu inayosema huyu alikulia kwenye maji ya aina gani, na meno yaliyoharibika mapema yanafungua mlango kwa wale bakteria niliowataja. Lakini unaona jinsi kitu cha ardhini kabisa, mwamba uliotapikwa na mlima miaka kabla ya binadamu, kinaweza kuingia kwenye kesi ya mzee anayeshindwa kumeza ugali.

Mursik nitapita haraka kwa sababu huwa inageuka vita ya kikabila. Ndani ya kibuyu, ile sotet, kunasuguliwa mkaa wa senetwet, maziwa yanachacha humo siku kadhaa, na vipimo vimekuta asetaldihaidi kwenye mursik kutokana na kule kuchacha. Kuna utafiti wa Eldoret uliona uhusiano. Ila Malawi hawanywi mursik na wanaugua, Moshi hawanywi mursik na wanaugua, kwa hiyo anayeitaka iwe ndio jibu lote aende na ramani mkononi. Mahindi yenye ukungu nayo ni hivyo hivyo, kuna sumu ya ukungu inaitwa fumonisini iliyogunduliwa Afrika Kusini 1988 wakati watu wakitafuta sababu ya kansa hii hii kule Transkei, inashukiwa mpaka leo, na mzee amekula ugali mara mbili kwa siku maisha yake yote na mboga chache pembeni. Upungufu wa zinki na seleniamu kwenye udongo na chakula cha huu mkanda wetu umetajwa pia. Zinki na seleniamu ziko kwenye kikosi cha ukarabati. Kwa hiyo ukuta unabomolewa kila siku na fundi wa kuujenga anakuja bila saruji.

Hapa ndio nifike kwenye utafiti ulionibadilisha mawazo. Kansa nyingi zinaacha alama za vidole. Sigara inaacha alama yake kwenye chembe za urithi za uvimbe wa mapafu, jua linaacha yake kwenye ngozi, aflatoksini, sumu nyingine ya ukungu, inaacha yake kwenye ini, mtaalamu akisoma uvimbe anaweza kukwambia huyu alipigwa na nini. Sasa mwaka 2021 kundi la kimataifa lilichapisha kazi ya kusoma chembe za urithi za uvimbe wa umio 552 kutoka nchi nane, Kenya, Tanzania, Malawi, Iran na China kwa upande wa ugonjwa mwingi, Uingereza, Japani na Brazil kwa upande wa uchache. Walienda kutafuta alama ya mshukiwa mkuu wa Afrika Mashariki. Hawakuipata. Alama za sigara na pombe zilikuwepo, ndogo ndogo, lakini hakuna hata moja ya kutoka nje ya mwili iliyoweza kueleza kwa nini Bomet ni nyingi na London ni chache. Kilichojaa karibu kila uvimbe, kama tisa kati ya kumi, ni alama ya kimeng'enya cha mwili wenyewe kinachobadilisha herufi za chembe zetu za urithi.

Wengine walisoma hayo wakasema basi tumerudi sifuri. Mimi naona kinyume chake. Kama angekuwa ni mwizi mmoja mkubwa angeacha nyayo. Kutokuwepo kwa nyayo kunaendana na kitu kinachochubua bila kuandika, yaani moto, meno mabovu, kule kuchubuka na kuvimba kwa kila siku kusikoisha, pamoja na vingine vinavyoandika kidogo kidogo, moshi na pombe, kila kimoja kwa kiwango ambacho ukikipima peke yake utasema aa, hii si kubwa.

Na kuchanganyika si kujumlisha tu. China kulikuwa na utafiti wa watu zaidi ya laki nne na nusu, ukatoka 2018. Wanaokunywa chai ya moto ya kuunguza kila siku na juu yake pombe gramu 15 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kansa ya umio mara 5 ya wale wanaokunywa chai chini ya mara moja kwa wiki na wasio na pombe nyingi. Lakini wanywaji chai wasiolewa na wasiovuta, hatari haikupanda. Rudia kusoma hapo. Ile ile chai. Kwa mmoja ni kifungua kinywa na kwa mwingine ni nusu ya hukumu, inategemea imekutana na nani njiani.

Hiyo ndio inanieleza pia suala la wanawake, ambalo wanaume wa kijijini hawapendi kulizungumza kwa sababu linaharibu ile hadithi yao ya ulevi. Kwenye mkanda huu wanawake wanaougua wako karibu na idadi ya wanaume, tofauti na Ulaya ambako wanaume wanawaacha mbali, na mama hawa wengi hawakunywa chang'aa wala kuvuta. Ila wao ndio wanalala na moshi na kuamka na moshi, na chai wanakunywa ile ile. Mchanganyiko wao ni tofauti na wa waume zao na wanafika mahali pamoja. Kuna na vijana. Takwimu za Tenwek zilizochapishwa 2010 zilionyesha karibu asilimia 6 ya wagonjwa walikuwa na miaka 30 au chini, umri ambao kwingine daktari hawezi hata kuwaza ugonjwa huu. Mtu wa miaka 26 hajapata muda wa kulundika chai na moshi wa miaka arobaini, kwa hiyo kwake inabidi uhesabu mpaka utoto, jiko alilobebwa mgongoni akipikiwa, na damu ya ukoo.

Mwaka 2015 wanasayansi zaidi ya 170 kutoka nchi 28 waliipitia picha hii kwa upande wa kemikali za kawaida, 85 kwa hesabu, na 50 kati ya hizo zikaonekana kufanya kitu kwenye dozi ndogo za mazingira, moja inazima breki ya seli, nyingine inalisha mishipa ya damu, nyingine inalaza kinga. Hakuna hata moja iliyohitaji kumaliza kazi. Wakati huo sheria karibu zote duniani zinapima kemikali moja moja, hii iko chini ya kiwango, hii nayo iko chini ya kiwango, gonga muhuri, na hakuna anayepima mtu aliyekaa katikati yao zote.

Nikilinganisha na Owino Uhuru kule Mombasa naona tofauti hiyo vizuri. Pale kulikuwa na kiwanda kimoja cha kuyeyusha betri, madini ya risasi kwenye udongo, risasi kwenye damu ya watoto, na 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Safari ya hiyo pesa ni hadithi nyingine ya kukatisha tamaa, lakini angalau kulikuwa na mlango wa kugonga. Boma la mzee wangu halina kiwanda. Utamshtaki nani, thamosi? Mlima? Na kwa sababu hakuna wa kushtakiwa, hakuna kesi, na pasipo kesi hakuna waandishi wa habari wala mwanasiasa wa kuja na kofia ya plastiki kukagua.

Cha kuuma zaidi ni kwamba ugonjwa huu unaonekana mapema ukiutafuta. Bomet walichukua watu 305 wasio na dalili yoyote, wanameza vizuri kabisa, wakawapitishia kamera na kupaka umio dawa ya ayodini, ile sehemu iliyoanza kuharibika inakataa rangi. Asilimia 14.4 walikuwa na mabadiliko ya kuelekea kansa, matokeo yakachapishwa 2016. Mtu mmoja kati ya saba. Kwenye hatua hiyo madaktari wanaweza kuondoa kile kipande kwa kamera hiyo hiyo na mtu akarudi shambani. Kwenye hatua ya mzee kinachobaki mara nyingi ni kuingiziwa stenti, kijibomba cha waya kinachopanua njia ili apate angalau kumeza, na Tenwek wamejulikana kwa kazi hiyo miaka mingi. Alikula tena. Uji, viazi vya kuponda, siku moja hata samaki aliyetolewa miiba. Alifurahia kama mtoto, miezi mitano hivi.

Siku ya kumzika, mvua ilikuwa imenyesha usiku na kuni zilikuwa mbichi. Akina mama walipika chini ya turubai tangu alfajiri, wanafuta macho kwa kanga na hakuna anayejua kama ni kilio au ni moshi. Sufuria kubwa ya chai ilitokota mpaka povu likapanda, watu wengi, vikombe thelathini tu, kwa hiyo ukipewa unakunywa haraka upishe mwenzako. Kijana mkubwa alikuwa wa kwanza kupewa. Akapuliza mara moja, akaimaliza, akarudisha kikombe.